Muulize Fundi: NAS imezima, picha za familia zote zimo ndani

SWALI: Kaka fundi habari za kazi. Nyumbani tuna lile kasha la diski linalochomekwa kwenye rauta, NAS, lina diski mbili za tera 4 kila moja, aliyetufungia alisema moja inanakili nyingine muda wote. Juzi usiku umeme ulikatika ukarudi ukakatika tena kama mara tatu hivi, asubuhi tukakuta taa nyekundu na hamna simu wala kompyuta inayoliona. Mume wangu akachomoa diski moja akaiweka kwenye laptopu ya Windows, ikamwambia lazima aifomati kwanza, nikamwambia subiri. Humo kuna picha za watoto tangu wazaliwe na sauti ya marehemu mama akisimulia hadithi kwa Kipare, na hatuna nakala pengine. Fundi mmoja kasema diski zimeungua hamna kitu. Ni kweli? (Mama wa watatu, Tabata, Dar es Salaam)

JIBU: Dada yangu pole sana, na ahsante kwa hiyo "subiri" uliyomwambia shemeji, mana hapo ndo wengi wanapopotezea vitu vyao. Diski haijaungua kama Windows imeiona mpaka ikaomba kuifomati. Diski iliyoungua haiombi kitu, inakaa kimya tu. Windows inasema vile kwasababu ndani ya NAS karibu zote kuna Linux, mfumo wa kuendesha kompyuta kama Windows ilivyo, na diski zimepangwa kwa mtindo wa Linux, ext4 au btrfs, Windows haijui kuusoma kwahiyo inadhani diski ni tupu. Ukibonyeza sawa inaandika ramani yake juu ya ile yenu. Niliwahi kuletewa diski ambayo mwenyewe alikubali kufomati, picha tulizitoa kwa PhotoRec, programu ya kurudisha faili zilizopotea, lakini zilirudi bila majina, f na namba ndefu, elfu na elfu, harusi imechanganyika na picha za risiti, familia ikakaa wiki kadhaa inazichambua moja moja.

Sasa kasha lenyewe. Lile ni kakompyuta kadogo kenye bodi yake na adapta yake, na umeme wa kukatika na kurudi unaanza kuua hivyo viwili kabla ya diski. Nyingi zinatumia adapta ya volti 12, na adapta iliyochoka ina tabia mbaya, ukiipima na mita bila mzigo inasoma 12 safi kabisa na taa zinawaka, ila diski zikianza kuzunguka zinavuta umeme mwingi kwa mpigo hapo ndo inalegea. Tafuta nyingine ya volti zilezile, ampea zilezile au zaidi, plasi na mainasi upande uleule, ujaribu kasha likiwa TUPU bila diski. Msirudishe diski kwanza hata kama likiwaka vizuri, mana kasha likiona diski moja imechelewa kuingia linaweza kuanza kunakili lenyewe, na hatujui bado ipi ndo nzima. Na msizihamishie kwenye kasha la kampuni nyingine, litataka kuzifomati vilevile kama Windows.

Chukua maka penni andika 1 na 2 juu ya diski kufuata nafasi ilipokaa. Alafu mtafutieni waya wa kugeuza SATA (mlango wa diski) kwenda USB wenye adapta yake ya umeme, hizi diski kubwa za inchi 3.5 zinahitaji volti 12 na USB inatoa 5 tu, ule waya mdogo wa diski za laptopu hautoshi. Washa diski moja uiwekee sikio. Diski nzima inaanza na mvumo unaopanda taratibu, vitiki vichache vyepesi, kisha inatulia. Ukisikia tak, tak, tak, inazima, inaanza upya, chomoa hapohapo usirudie, jaribu ile nyingine.

Ikitulia, tengeneza flashi ya Ubuntu (aina moja ya Linux) kwa laptopu ileile, uwashie humo na uchague kujaribu, sio kuinstoli. Fungua tamino, dirisha la kuandikia amri, uandike lsblk -o NAME,SIZE,MODEL,SERIAL ulinganishe namba na stika iliyo juu ya diski, usikisie. Utaona diski imegawanywa vipande kadhaa, vidogo ni vya mfumo, kikubwa ndo chenye vitu vyenu, tuseme ni sdb3, kwenu inaweza kuwa nyingine. Kwasababu diski zenu zinanakiliana, moja peke yake ina kila kitu. Instoli mdadm, programu ya Linux ya kufungua diski zinazonakiliana, kisha:

sudo mdadm --assemble --run --readonly /dev/md9 /dev/sdb3
sudo mount -o ro,noload /dev/md9 /mnt

Hiyo ro ni kusoma tu bila kuandika. Noload ni ya ext4 na naiweka makusudi, umeme ulikatika katikati ya kazi kwahiyo kuna mambo hayajamaliziwa kuandikwa, bila hiyo itagoma kufunguka. Ikisema kipande kiko bize ni kwamba Ubuntu imeshakishika yenyewe nusunusu, isimamishe kwa sudo mdadm --stop /dev/md127 urudie. Ikikwambia kuna LVM (mtindo mwingine wa kugawa diski) au btrfs ishia hapo uniandikie ulichokiona, njia yake ni tofauti kidogo.

Vikifunguka nakili kwenda diski ya nje, na naomba uanze na sauti ya mama. Kabla ya picha, kabla ya video za birthdei, kila kitu. Faili za sauti ni ndogo zinaisha haraka, na picha za watoto huenda baadhi ziko kwenye simu za mashangazi, ile sauti haiko popote. Kisha isikilize mpaka mwisho, usiangalie jina la faili tu.

Kunakili kukianza kukwama kwama, acha, usilazimishe. Hapo inatakiwa ddrescue, kwenye Ubuntu inaitwa gddrescue, inakopi diski nzima kwenda nyingine yenye ukubwa uleule au zaidi, inachukua kwanza sehemu zinazosomeka vizuri alafu inarudia zilizoharibika. Faili lake la ramani, linalokumbuka ilipofikia, liweke kwenye flashi nyingine, sio kwenye ile Ubuntu ya muda, mana ukizima laptopu linapotea na kazi inaanza mwanzo. Na chanzo na pa kupeleka angalia mara tatu, ukigeuza umefuta.

SWALI: Fundi, diski yangu inagonga gonga. Rafiki kasema niifunge na nailoni niiweke friza usiku kucha, niijaribu? (Kijana wa Kisumu)

JIBU: Hapana ndugu, tafadhali usifanye. Diski ikitoka friza inapata unyevu ndani, matone yanakaa juu ya sahani ambapo kichwa kinapita kwa nafasi ndogo kuliko hata chembe ya vumbi. Kugonga mara nyingi ni kichwa kimeshindwa kusoma, na kila unapoiwasha kinaweza kukwangua. Izime, ifunge kwenye mfuko wa kuzuia umeme tuli, uipeleke kwa watu wenye chumba kisicho na vumbi na vichwa vya akiba, waulize kabla ya kulipa kama wanavyo kweli. Anayeifungua mbele yako juu ya kaunta, mnyang'anye.

SWALI: Nimefuta folda ya kazi kwenye NAS kwa bahati mbaya, kwenye pipa la taka la kompyuta haipo. (Mhasibu, Arusha)

JIBU: Haiendi kwenye pipa la kompyuta yako, iangalie kwenye kasha lenyewe, nyingi zina folda la taka ndani ya kila sheya (folda la pamoja), mara nyingi linaitwa #recycle au @Recycle, ila lazima liwe lilishawashwa kabla. Angalia pia snepshoti, yaani nakala za hali ya faili ilivyokuwa nyuma, kama zipo. Kama hakuna hata kimoja, waambie ofisi nzima waache kuhifadhi chochote humo saivi hivi, kila faili jipya linaweza kukaa juu ya lile la zamani, na uzime kasha kwa kitufe vizuri, usichomoe waya.