Nakala ya Monet sebuleni: anza na vipimo

SWALI: Nataka kununua nakala ya "Impression, soleil levant" ya Claude Monet, iliyochorwa kwa rangi ya akriliki. Muuzaji ana ya sentimita 60 kwa 90, itakuja imeviringishwa. Nitajuaje kama imechorwa kwa mkono? Na joto la huku kwetu halitaiharibu?
Msomaji, Tanga

JIBU: Tuanze na vipimo, maana hapo pana kasoro. Mchoro wenyewe, uliopo Musée Marmottan Monet jijini Paris, una kimo cha sentimita 48 na upana wa 63. Nakala yenye kimo cha 60 basi iwe na upana wa 79 hivi. Ikifika 90, ama picha imevutwa, ama imekatwa juu na chini, na katika mchoro huu anga ndiyo iliyobeba ukungu wa bandari ya Le Havre. Itakuwa hasara kuikata. Agiza 60 kwa 79. Mchoraji anayewamba turubai mwenyewe halimshindi hilo.

Kisha omba picha ya karibu ya mwanga wa jua juu ya maji, ipigwe taa ikimulika kutoka ubavuni. Pale Monet aliweka rangi ya chungwa kwa michirizi mifupi. Kwenye kazi ya mkono, tuta la kila mchirizi hukoma pale chungwa linapokoma. Kwenye chapa, yaani picha ya mashine iliyopakwa jeli angavu juu ili ifanane na kazi ya brashi, matuta hupita ovyo kutoka chungwa hadi kijivu, na kioo cha kukuzia kitakuonyesha nukta za wino.

Joto la sebuleni lisikutie hofu. Hatari iko safarini. Akriliki ni plastiki, hulainika ikipata joto. Nailoni ya mapovu ikigandamiza rangi siku kadhaa ndani ya gari huacha alama za duara ambazo hazitoki. Rangi ifunikwe kwa karatasi ya silikoni, turubai iviringishwe upande wa rangi ukiwa nje, kwenye bomba la kipenyo kisichopungua sentimita 10. Zibaki sentimita 5 za turubai tupu kila upande, la sivyo fundi wa fremu atakunja sehemu ya picha.

Tanga kuna unyevu, kwa hiyo gundisha vipande vya mpira nyuma ya pembe za chini za fremu, hewa ipite. Kuvu huanzia mgongoni mwa turubai. Vumbi liondoe kwa brashi laini kavu. Spiriti usiiguse kabisa, huyeyusha akriliki.