"Mara sita", "mara ya sita" au "mara sita mfululizo": Jordan alichukua ipi?

Msomaji wetu mmoja wa Mwanza kaandika hivi: "Shikamoo mwalimu. Kwenye grupu letu la WhatsApp la basketi jamaa kaandika 'Jordan kachukua ubingwa wa NBA mara sita mfululizo', mwingine akasema hapo pana kosa, wa tatu akaandika 'mara ya sita', tukabishana mpaka admini akalifunga grupu. Kiswahili sahihi ni kipi? Na je, ni Bulls imechukua au Bulls wamechukua?"

Marahaba. Admini kawaonea bure, huo ubishi ulikuwa na kichwa na miguu. Kwa asiyefuatilia, NBA ni ligi ya basketi ya Marekani, na Bulls ni timu ya Chicago aliyoichezea Michael Jordan.

Aliyesema pana kosa yuko sahihi, ila kosa lenyewe si la sarufi. Sentensi ya jamaa yenu kisarufi imenyooka kabisa, hata kwenye mtihani inapita, tatizo lake ni kwamba haisemi kweli, na imeponzwa na neno moja tu, hilo "mfululizo". Mfululizo limetokana na kufululiza, yaani kwenda bila kukatika. Ukisema mvua imenyesha siku tatu mfululizo, hakuna siku ya katikati ambayo ulianika nguo zikakauka. Sasa twende kwenye Bulls. Chicago walichukua 1991, 1992 na 1993, hizo tatu ni mfululizo hakuna wa kubisha. Oktoba 1993 Jordan akatangaza kustaafu, akaenda kujaribu besiboli, akarudi Machi 1995 na msimu huo Orlando Magic wakawatoa kwenye mtoano. Kwenye hilo pengo, yaani 1994 na 1995, ubingwa wote ulienda Houston Rockets ya Hakeem Olajuwon, mtoto wa Lagos. Ndo baadae Bulls wakarudi wakabeba 1996, 1997 na 1998. Kwa hiyo mfululizo ulikatika, na aliyeukata ana jina na pete zake mbili za ubingwa, ukiandika "mara sita mfululizo" umemfuta Olajuwon kwenye historia.

Uandike nini basi? Kiswahili kimetupa njia fupi na tamu: "mara sita, tatu tatu". Huko kurudia "tatu tatu" kunamwambia msomaji kwamba zilikuja kwa mafungu mawili ya tatu, bila maelezo mengi. Au ukitaka kirefu, "mara sita, tatu mfululizo kisha tatu nyingine mfululizo".

Najua mashabiki wa Jordan watanijia juu, watasema mwalimu lakini misimu sita kamili aliyocheza Bulls kuanzia 1990/91 hadi 1998 yote ni ubingwa, ile ya kurudi Machi haihesabiki maana aliingia msimu ukiwa ukingoni. Sawa, hoja nzuri, basi semeni hivyohivyo: "alichukua ubingwa katika misimu sita kamili mfululizo aliyocheza". Ni ndefu ila ni kweli. Au semeni alicheza fainali sita na hakupoteza hata moja, hiyo haina utata na kwa maoni yangu inampa sifa zaidi kuliko huo mfululizo wa kulazimisha.

Sasa huyu wa "mara ya sita". Hapa ndo kuna sarufi yenyewe. "Mara sita" ni idadi, unajumlisha yote. "Mara ya sita" ni nafasi kwenye foleni, unazungumzia tukio moja tu, lile lililokuja baada ya matano. Kale ka "ya" ni kadogo lakini ndo kanageuza hesabu kuwa mpangilio. Kwa hiyo utasema "mwaka 1998 Bulls walitwaa ubingwa kwa mara ya sita", na utasema "Jordan katwaa ubingwa mara sita". Ukivigeuza unapata vituko: "mwaka 1998 Bulls walitwaa ubingwa mara sita" maana yake ndani ya mwaka mmoja walicheza fainali sita wakashinda zote! Boston Celtics walipowafunga Dallas Mavericks 2024 niliona watu wanaandika "Celtics watwaa ubingwa mara 18" siku ileile ya fainali. Usiku ule walitwaa mara moja tu jamani, ilikuwa ni mara ya 18. Tarakimu zina hiyo tabia ya kuwasahaulisha watu "ya", mtu akiandika kwa maneno huwa hakosei ila akiandika 18 anaidondosha.

Kosa la ukoo huohuo limempata sana Hasheem Thabeet wetu. Mwaka 2009 kwenye drafti ya NBA (si ile ya vizibo vya soda kijiweni, hii ni pale timu zinapochagua wachezaji wapya kwa zamu) Memphis Grizzlies walimchukua akiwa wa pili, mbele yake alikuwa Blake Griffin peke yake, nyuma yake namba tatu James Harden na namba saba Stephen Curry. Mpaka leo utasoma "Thabeet alichaguliwa mara ya pili", kana kwamba kuna mwaka wa nyuma alishawahi kuchaguliwa wakamrudisha! Alichaguliwa wa pili, au kwa lugha ya mtaani alichaguliwa namba mbili. "Wa pili" inamfuata mtu, "ya pili" inaifuata mara.

Nirudi kwenye mfululizo maana hilo neno lina ishu nyingine, linashika kile kilicho jirani yake, kwa hiyo sehemu unayoliweka ni muhimu kama neno lenyewe. Mchukulie LeBron James. Kuanzia 2011 hadi 2018 alicheza fainali kila mwaka, minne akiwa Miami Heat na minne akiwa Cleveland Cavaliers, katika hizo akashinda 2012, 2013 na 2016. Ukiandika "LeBron alicheza fainali nane mfululizo akashinda tatu" umesema kweli tupu. Ukiandika "LeBron alicheza fainali nane akashinda tatu mfululizo", maneno ni yaleyale, umebadilisha kiti cha neno moja tu, na umeshadanganya, kwa sababu kati ya 2013 na 2016 kuna San Antonio Spurs ya 2014 na Golden State Warriors ya 2015. Na ile ya 2016 ndo ya kukumbukwa kuliko zote, Cavaliers walikuwa nyuma michezo mitatu kwa mmoja mbele ya Warriors waliokuwa wametoka kushinda mechi 73 kwenye msimu wa kawaida, wakarudi wakawafunga nne kwa tatu.

Na hao Spurs ndo dawa ya mtu anayependa kulibandika hili neno kila mahali. Tim Duncan ana ubingwa mara tano: 1999, 2003, 2005, 2007 na 2014. Tano, na hakuna hata miwili iliyofuatana. Mabingwa wakubwa kabisa, mfululizo hawaujui.

Mwenye mfululizo wa kweli ni Bill Russell. Celtics yake ilichukua kuanzia 1959 hadi 1966, minane bila kukatika, hilo halijafikiwa na timu yoyote ya NBA. Lakini hata hapa watu huteleza, kwa sababu Russell ana ubingwa 11 kwa jumla na mtu akishasikia 11 na akasikia mfululizo anaviunganisha. Hapana. Ni 11 katika misimu 13, 1957 mpaka 1969, ambapo 1958 waliupoteza kwa St. Louis Hawks na 1967 wakatolewa na Philadelphia 76ers ya Wilt Chamberlain. Kwa hiyo ni "mara 11, nane kati ya hizo mfululizo". Hiyo "kati ya hizo" ikariri, inakuokoa sehemu nyingi, mfano Nikola Jokić ni mchezaji bora wa msimu mara tatu, mbili kati ya hizo mfululizo, 2021 na 2022, ya tatu ikaja 2024.

Kuna wanaochanganya pia mfululizo na "kwa mpigo". Mfululizo ni kimoja baada ya kingine, kwa mpigo ni vyote kwa wakati mmoja. Shai Gilgeous-Alexander wa Oklahoma City Thunder msimu wa 2024/25 aliongoza kwa ufungaji, akawa mchezaji bora wa msimu, akawa bingwa na akawa mchezaji bora wa fainali. Hizo ni kwa mpigo. Ukisema kazichukua mfululizo msomaji atadhani alichukua moja kila mwaka.

Alafu mfululizo si lazima umhusu bingwa mmoja. Kuanzia 2019 hadi 2025 NBA imepata mabingwa saba tofauti mfululizo: Raptors, Lakers, Bucks, Warriors, Nuggets, Celtics, Thunder. Hapo kinachofululiza ni utofauti wenyewe. (Kwenye ile Warriors ya 2022 kulikuwa na kijana Jonathan Kuminga, mzaliwa wa Goma, mwaka wake wa kwanza tu kwenye ligi na tayari ana pete. Dikembe Mutombo wa Kinshasa, mmoja wa wazuiaji bora kuwahi kutokea, alicheza fainali mara mbili, 2001 na 2003, akastaafu bila pete.)

Na kwa kuwa tumeshaingia kwenye namba nitoe dukuduku langu moja ambalo hamkuliuliza. Acheni kuandika "Wilt Chamberlain alifunga vikapu 100". Tarehe 2 Machi 1962, kule Hershey, Pennsylvania, dhidi ya New York Knicks, Wilt alifunga pointi 100. Mashuti yaliyoingia yalikuwa 36, yenye pointi mbili mbili, enzi hizo hakukuwa na shuti la pointi tatu, hapo una 72. Zilizobaki 28 ni za mitupo huru, ile unayosimama mstarini peke yako baada ya kuchezewa rafu. Kikapu ni kitendo, pointi ndo hesabu, na mtu aliyefunga vikapu 100 kwa maana ya mashuti angetoka na pointi 200. Hajazaliwa.

Imechukua au wamechukua? Zote zinakubalika. Ukiwa kichwani una timu, ngeli yake ni i-, "Bulls imechukua", ukiwa na wachezaji unasema "Bulls wamechukua", kama tunavyosema Yanga imeshinda na Yanga wameshinda na hakuna anayelalamika. Mtaani kuna ya tatu, "Lakers kapigwa jana", timu inageuzwa mtu mmoja kabisa, kwenye stori za kijiweni ni raha ila kwenye habari ya gazeti siishauri. Ninachokataa ni kuchanganya ndani ya sentensi moja, "Celtics imeshinda na wakatawazwa na itacheza tena", chagua moja uende nayo mpaka nukta.

Ila ukichagua timu uwe makini na swali moja, timu ipi? Lakers ina ubingwa 17, lakini mitano ya mwanzo, ya enzi za George Mikan, ilichukuliwa ikiwa Minneapolis, ilihamia Los Angeles mwaka 1960. Na Thunder ya 2025 ndo kizungumkuti zaidi, kwa sababu ni ileile iliyokuwa Seattle SuperSonics, ambayo ilichukua 1979, ikahama 2008. Sasa 2025 ilikuwa mara ya kwanza au mara ya pili? Kwenye vitabu vya ligi ni ya pili, kwa watu wa Oklahoma City ni ya kwanza, na mtu wa Seattle ukimwambia huo wa 1979 ni wa Oklahoma City atakununia. Mimi ningeandika "Thunder imetwaa ubingwa kwa mara ya kwanza tangu ihamie Oklahoma City", hiyo "tangu" inafunga mjadala na admini hana sababu ya kufunga grupu.