Kwa Wanaoanza Kuchunguza Gesi ya Galaksi: Msihesabu Milipuko Tu

Nawaandikia wadogo zangu wa Malindi mnaoingia katika somo hili. Mimi lilinichelewesha jambo moja: nilihesabu supanova, yaani milipuko ya nyota kubwa zinapokufa, bila kuuliza zimelipuka wapi na kwa mfuatano gani. Katika modeli yangu ya kompyuta nilizitawanya moja huku na nyingine kule, na kila moja ikazimika kama kaa lililotupwa majini, kwa sababu ganda la gesi linalosukumwa na mlipuko mmoja hupoa na kupoteza sehemu kubwa ya nishati yake kwa mnururisho, yaani kwa kuitoa kama mwanga, kabla ya kufika mbali.

Kumbe nyota zinazolipuka hivyo, zenye tungamo la takriban mara 8 ya Jua au zaidi, huzaliwa zaidi kwa mafungu, kama Kilimia wanachokitazama wakulima wetu, nazo hufa kwa kufuatana, tangu fungu likiwa na miaka milioni 3 hivi hadi lifikie kama milioni 40. Ya kwanza hufagia njia. Zinazofuata hulipuka ndani ya gesi hafifu yenye joto la nyuzi milioni na zaidi, ambayo haipoi upesi, na nishati yao hubaki kulisukuma ganda. Tazameni uji mzito unavyochemka: povu moja hunyanyuka kidogo likatulia, lakini yakifuatana pale pale hutoboa uso, na uji ukakurukia mkononi. Gesi baridi ya galaksi kama yetu imelala katika tabaka lenye unene wa miaka-nuru mia chache tu, kwa hiyo kiputo kikubwa, yaani tundu la gesi ya moto lililozungukwa na ganda hilo, hutoboka juu na chini, kikamwaga gesi ya moto nje ya tabaka hilo. Sehemu yake hupoa na kurudi, ilhali gesi iliyorundikana kwenye kingo inaweza kuzaa nyota mpya. Jua letu lenyewe limo ndani ya kiputo cha namna hiyo, chenye upana wa miaka-nuru 1,000 hivi.

Hata baada ya kuzikusanya supanova zangu, seli za modeli, yaani vipande ambavyo kompyuta huigawa nafasi ili ihesabu, zilikuwa pana mno, joto likapotea kabla halijasukuma kitu. Pimeni kwanza ukubwa wa seli.

Gesi hiyo ya moto huonekana kwa eksirei, na setilaiti ya kwanza iliyotengwa kwa kuchunguza anga kwa eksirei, Uhuru, ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970 kutoka jukwaa la San Marco, baharini hapo Ngomeni. Basi chukueni ramani ya gesi baridi ya haidrojeni ya galaksi moja iliyopimwa kwa redio, muitandaze juu ya ile ya eksirei, na mtazame tundu moja moja kabla ya kuandika programu yoyote.