Valvu za transista kwenye Blues Junior: tundu lipi linafaa, lipi uliache

Ndugu wa Bungoma, nimekuelewa hivi: una ampu ya gitaa ya Fender Blues Junior, moja ya valvu zake ndogo za 12AX7 (vile vioo vyenye moto ndani vinavyokuza sauti) imeanza kulia kila ukipandisha sauti, valvu mpya lazima uagize mbali na usubiri, na umeona kuna vifaa vya transista vinavyochomekwa kwenye soketi ile ile ya valvu. Unauliza kama ununue. Waliotangulia kukujibu wamegawanyika, wengine wanasema ni dhambi kugusa valvu, wengine wanasema hakuna binadamu mwenye sikio la kutofautisha. Mimi napiga solo kwenye bendi hapa Kisumu, na ampu za wenzangu zikiharibika huishia mezani kwangu, kwa hiyo haya mambo nimeyajaribu kwa mikono. Msimamo wangu ni kwamba jibu linategemea tundu. Tundu la kwanza weka transista bila wasiwasi. Rektifaya, ile inayogeuza stima ya AC kuwa DC, pia, ila kwa hesabu. Valvu za mwisho, zile EL84 zinazosukuma spika, usiziguse.

Kabla hujatoa hata shilingi, hakikisha mkosaji ni valvu. Zima ampu, chomoa, ngoja zipoe, kisha badilisha nafasi za 12AX7 ya kwanza na ya tatu. Ya kwanza ni ile iliyo mbali zaidi na EL84. Washa tena. Mlio ukipotea, tayari umejua, na huenda shida yako imekwisha bila gharama. Tundu la kwanza hupokea mawimbi ya gitaa yakiwa madogo kabisa, huyakuza karibu mara 60, na hatua zinazofuata zinakuza tena. Ndani ya valvu kuna gridi, waya mwembamba mno uliozungushwa, na ukilegea hutetemeka na spika. Huo mtetemo nao unakuzwa pamoja na gitaa. Valvu ya tatu kazi yake ni kugawa mawimbi pande mbili kwa ajili ya EL84, hakuna ukuzaji mwingi uliobaki mbele yake. Valvu iliyokataa kukaa kimya tundu la kwanza inaweza kufanya kazi ya tatu kwa miaka, na nimeziokoa nyingi kwa njia hii.

Mlio ukibaki pale pale, angalia soketi. Ampu zetu zinasafiri vibaya. Leo uko kanisani mjini, kesho ampu iko nyuma ya pikapu kuelekea Siaya, na kipande cha mwisho hadi bomani kwenye matanga ni murram tupu. Soketi zinalegea, pini zinashika kutu kwa unyevu wa ziwa, kisha fundi anasema valvu imekufa. Safisha pini, kaza vishikio vya soketi kwa sindano, na ukitaka kujaribu ampu ikiwa inawaka, gonga valvu kwa penseli kavu ya mbao, si kwa bisibisi.

Haya, tuseme umethibitisha ni valvu. Wazo la kuweka transista mahali pake si geni. Miaka ya 1970 Teledyne ya Marekani iliuza kitu kilichoitwa Fetron: jifeti (aina ya transista) mbili ndani ya kopo la chuma lenye pini za valvu, vikiuzwa hasa kwa mitambo ya simu ambako kubadilisha valvu kila mara kulikuwa mzigo. Mesa/Boogie waliweka nafasi ya Fetron kwenye ampu zao za Mark I kwa sababu hatua yao ya kwanza ilikuwa kali kiasi kwamba valvu nyingi zililia. Yaani ni shida yako hiyo hiyo, na wao pia waliiweka tundu la kwanza. Na kama kuna anayekwambia Blues Junior ni ampu ya valvu halisi isiyochafuliwa, mwambie afungue: rektifaya yake ni dayodi za silikoni na rivabu yake, ile ya mwangwi, inaendeshwa na IC, yaani chipu yenye transista ndani. Transista uko nazo tayari.

Ya kwangu nilijiundia badala ya kununua. Nilitumia LND150, transista ndogo ya aina ya mosfeti inayovumilia volti 500 na ambayo, kama valvu, inapitisha mkondo hata geti, mguu wake wa kuongoza, ikiwa sifuri, kwa hiyo inakubali kukaa kwenye sakiti ya valvu bila kubadilisha mengi. Unahitaji mbili kwa kila 12AX7, maana ndani ya kioo kimoja mna trayodi mbili, yaani valvu mbili zenye anodi, gridi na kathodi kila moja. Pini 1 na 6 ni anodi, 2 na 7 gridi, 3 na 8 kathodi. Miguu ya mosfeti ni mitatu: dreni inakwenda anodi, geti kwenye gridi, sosi kwenye kathodi. Pini 4, 5 na 9 ni za hita, waya unaopasha valvu moto, ziache tupu. Tafuta plagi ya pini tisa. Usivunje kioo cha valvu mbovu ukitegemea kupata kitako, kwa sababu 12AX7 haina kitako, pini zimetoka moja kwa moja kwenye kioo.

Hapa ndipo wengi wanalalamika kwamba transista "zinapiga kelele". Valvu ya trayodi hujizuia yenyewe: anodi ikishuka, inapunguza mkondo. Mosfeti haijali anodi iko wapi. Ukiiweka kwenye rezista zile zile, kilo-ohimu 100 juu na 1.5 chini yenye kapasita, itakuza mara mia na zaidi badala ya mara 60. Dawa yake ni rezista ya kama ohimu 820 ndani ya plagi, kati ya sosi na pini ya kathodi, isiyo na kapasita. Ukuzaji unashuka unakotakiwa. Andika volti za pini 1 na 6 ukiwa na valvu, kisha zipime tena ukiwa na transista. Zikipishana sana, badilisha hiyo rezista, kwa sababu LND150 mbili za mfuko mmoja hazilingani.

Jambo la pili ni wembamba wa sauti. Valvu ina kapasita ndogo ya asili kati ya anodi na gridi, kama pikofaradi 1.6, na kwa vile inazidishwa na ukuzaji, gitaa linaiona kama pikofaradi 100 hivi. Hizo zinakula sauti ya juu kidogo. LND150 inakula kidogo zaidi ya theluthi ya hapo, kwa hiyo sauti inatoka kali kwenye sikio, na hapo ndipo watu wanasema "hii ni ya plastiki". Niliweka kapasita ya seramiki ya pikofaradi 68 kutoka geti hadi graundi na malalamiko yakaisha. Kitu kidogo kama hicho kimewafanya watu wabishane mitandaoni miaka nenda miaka rudi.

Kuhusu sauti yenyewe, sisi tunapiga benga. Solo la benga linataka kusikika noti kwa noti, safi, juu ya besi inayokimbia, ukilikwaruza umeliharibu. Gitaa langu linatoa robo volti hivi nikipiga kawaida. Zidisha mara 60, unapata volti 15 kwenye hatua ambayo ina nafasi ya zaidi ya volti 100 kucheza. Hatua hiyo haifiki popote karibu na kuvunja sauti, iwe ya valvu au ya transista, na ndiyo maana wenzangu kwenye bendi walipiga na ampu hiyo bila kuuliza chochote. Kitu pekee nilichosikia, tena nyumbani usiku kukiwa kimya, ni "shhh" iliyoongezeka kidogo. Mosfeti zina tabia hiyo. Ukitaka kuiondoa, weka jifeti chini ipokee gitaa na LND150 juu yake ibebe volti nyingi, geti ya LND150 ukiipa kama volti 10 kutoka kwa rezista mbili. Hilo ndilo wazo la Fetron. J201 inafaa kwa kazi hiyo, lakini zile za miguu mirefu ya waya zimeadimika na feki ni nyingi, pima kila moja kabla ya kuilehemu.

Ukiwa mtu wa roki au bluzi na unapiga gitaa ampu ikiwa imefunguliwa hadi sauti inapasuka, usiende zaidi ya tundu la kwanza. Hatua ya valvu ikisukumwa kupita kiasi, gridi yenyewe huanza kunywa mkondo, inajaza kapasita iliyo mbele yake, na noti inabanwa halafu inaachiliwa polepole. Geti ya mosfeti hainywi kitu. Inakaa safi, safi, safi, kisha inagonga ukuta. Nilijaribu hivyo tundu la pili la ampu ya kijana mmoja anayepiga roki Milimani, akairudisha siku hiyo hiyo, na alikuwa na haki.

Usishawishike pia kuondoa 12AX7 zote tatu. Kila moja inakula amp 0.3 ya hita, EL84 mbili zinakula 1.5. Ukiziondoa tatu, transfoma inabaki na mzigo wa 1.5 badala ya 2.4, na volti za hita za EL84 zinapanda. Kwetu stima ni 240 kwa jina tu. Mahali pengine jioni inasoma zaidi ya 250. Kuondoa moja tu hakuna madhara.

Rektifaya haikuhusu kwa Blues Junior, ila kuna mwenzetu hapa aliuliza kuhusu ampu ya zamani yenye valvu ya rektifaya ya 5Y3, nami nilifanyia kazi ya aina hiyo ya mzee mmoja wa Maseno. Valvu hizi za pini nane zina kitako, kwa hiyo unaweza kuvunja kioo cha iliyokufa ukiwa umeifunga kwa kitambaa, ukalehemu dayodi kutoka pini 4 hadi 8 na 6 hadi 8. Rahisi, na ndiyo maana watu wanaharibu ampu nayo. Transfoma yake ilikuwa ya 325-0-325. Kilele cha volti 325 ni 460. Valvu ya 5Y3 ilikuwa inapoteza volti 50, 60 ndani yake. Silikoni inapoteza moja. Tena silikoni inatoa zote papo hapo, wakati valvu nyingine bado baridi na hakuna anayekula mkondo. Kapasita zilizoandikwa 450 zinapokea 460 kila unapowasha. Na kila dayodi, ikiwa imepumzika, inakabiliwa na mara mbili ya kilele, yaani 920. 1N4007 mwisho wake ni 1000, na kwa stima zetu hiyo nafasi ni ndogo mno. Nilipanga mbili mbili kila upande, nikabadilisha kapasita kuwa za volti 500, nikaweka rezista ya ohimu 150 ya wati 10 baada ya dayodi ili volti ishuke kidogo na ampu ilegee inapopigwa kwa nguvu, kama ilivyozoea. Kisha nikapima mkondo wa valvu ya mwisho upya. Mzee anapiga omutibo, mtindo wa gitaa wa magharibi mwa Kenya, kwa vidole, sauti ya chini, hakuona tofauti ila kwamba inawaka upesi.

EL84 ziache. Anodi zake zikicheza zinapanda hadi karibu mara mbili ya volti za ampu, zaidi ya 600, kila moja ikitoa joto la wati 12 hivi, na tabia yake imefungamana na transfoma ya mwisho na spika. Ukitaka ampu isiyo na valvu kabisa, Roland JC-120 imekuwa sokoni tangu 1975, ni transista tupu, na kwa sauti safi sina la kuilaumu. Kubeba uzito wa transfoma ya valvu huku umeweka mosfeti mahali pa EL84 naona ni kujitesa.

Kuhusu kununua badala ya kuunda: zile za kiwandani nunua moja tu, iende tundu la kwanza, na hakikisha muuzaji anakubali kurudishiwa. 12AX7 iliyo nzima ibaki kwenye begi la waya. Tangu valvu za kiwanda cha Saratov, Urusi, zilipokatizwa kwa muda Machi 2022 bei zilipanda, kwa hiyo usitupe hata inayolia.

Ukifungua ampu, kumbuka kapasita zinabaki na mamia ya volti hata ukishachomoa. Zitoe kwa rezista ya kilo-ohimu 10 ya wati 5, uthibitishe kwa multimita, mkono mmoja mfukoni. Halafu niwekee hapa picha ya ubao, kama ni wa kijani au wa rangi ya krimu, pamoja na volti za pini 1 na 6 za valvu ya kwanza, nikuambie rezista ya kuanzia.