Karakana ya Wasomaji: Siti za alumini za mtindo wa ndege

SWALI: Shikamooni mafundi. Nina Land Rover ya zamani niliyoivua paa na milango. Nataka kuigeuza hotirodi, yaani gari kukuu linalopunguzwa bodi na kufungwa injini yenye nguvu. Nimeona picha za siti za alumini zenye matundu, zinazosemekana zilitoka kwenye ndege za vita. Nataka kujitengenezea mbili. Ninunue bati gani, unene gani, na nianzie wapi?
Msomaji, Ngamiani, Tanga

JIBU: Marahaba. Kabla ya bati, elewa kwanza kwa nini siti zile zina umbo lile. Vita ilipokwisha mwaka 1945, vifaa vya ndege viliuzwa kwa bei ya chee kule Marekani. Vijana waliokuwa wakishindanisha magari kwenye maziwa makavu ya California, kama El Mirage, wakavifunga kwenye magari yao kwa sababu ni vyepesi. Lakini marubani wengi wa wakati ule walikalia parachuti: lilikaa ndani ya bakuli la siti, ndilo likawa mto. Ukinakili bakuli lile bila parachuti utazama, magoti yatapanda na ukingo wa mbele utakubana mapaja. Kwa hiyo panga tangu mwanzo mto wa mm 75 hadi 100 wa sponji ngumu, na kuta za pembeni uzikate kwa kufuata mto huo, si kwa kufuata picha.

Bati zuri ni aloi (alumini iliyochanganywa na metali nyingine) ya namba 5052 yenye ugumu wa H32, au 3003 ya H14, unene mm 1.6. La mm 1.5 nalo linatosha. Aloi 6061 ya T6 iache kwa kazi hii: ukiikunja kwa kona kali inapasuka palepale kwenye mkunjo. Bati la kuezekea ni jembamba mno. Wewe mwenye Land Rover una bahati ya ziada, kwani paneli zake nyingi ni za aloi ya alumini na magnesiamu, na milango mibovu haikosekani kwa wauza skrepa. Itumie kwa vipande vidogo, ila lililogongwagongwa miaka mingi limekakamaa, lazima lilainishwe kwa moto kwanza.

Shiti moja ya mita 1.22 kwa 2.44 inatoa siti mbili ukipanga vipande vizuri. Ina uzito wa kilo 13 hivi. Ya chuma ya unene uleule ingefika kilo 37. Wengi huingiwa na hofu wakataka bati la mm 3. Hakuna haja. Nguvu ya siti ya bati iko kwenye mikunjo na kingo zake. Bati bapa la mm 3 linayumba, la mm 1.6 lililokunjwa kingo linasimama.

Anza na boksi la kadibodi, kisha plaiwudi ya mm 3. Vipimo vya kuanzia: upana wa ndani mm 450, kina cha kalio mm 420, mgongo mm 550, kuta mm 150 hadi 200. Laza mgongo nyuzi 15 hadi 20, na inua kalio mbele kidogo. Kaa kwenye mfano huo nusu saa, miguu ikiwa kwenye pedali na mikono kwenye usukani. Kinachouma kwenye plaiwudi kitauma zaidi kwenye alumini.

Ukihamishia mistari kwenye bati tumia kalamu ya wino, usitumie msumari wala penseli. Mkwaruzo kwenye mstari wa kukunjia ndio mwanzo wa ufa, na risasi ya penseli huchochea alumini kuliwa. Ongeza ukingo wa mm 18 hadi 20 wa kupigia ribiti. Kama hakuna mashine ya kukunjia, bana bati katikati ya vyuma viwili vya L kwa klampu, ila kwanza piga tupa kona ya chuma mpaka iwe ya mviringo wa mm 2 au zaidi. Kona kali hukata bati kwa ndani na hutaona mpaka siku linaachia.

Shughuli nzito ni pembe za mviringo, pale ukingo unapotakiwa kujikusanya. Chonga kalibu ya mninga au mvule, ibane pamoja na bati, halafu gonga kidogokidogo kwa nyundo ya mbao. Kabla ya kugonga, lainisha sehemu hiyo: paka sabuni ya mche upande unaoutazama, pasha upande wa pili kwa moto mpana unaotembea. Sabuni ikigeuka kahawia iliyokoza, ondoa moto papo hapo. Usisubiri bati liwe jekundu. Alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660, na aloi zake chini kidogo ya hapo, ikiwa bado na rangi yake ileile, na utakachokiona ni tundu. Ukigonga, itakakamaa tena. Sauti ikianza kulia kwa ukali, rudia sabuni na moto.

Ribiti za kuvuta za mm 4 kwa urefu wa mm 8 zinafaa kwa bati mbili za mm 1.6. Toboa kwa biti ya mm 4.1, nafasi mm 25 kati ya tundu na tundu, na lisikaribie ukingo kwa chini ya mm 8. Kila siti itakula kama 120, nunua 300. Usitoboe zote kwanza: toboa moja, ifunge kwa skrubu na nati ya mm 4, ndipo uende nyingine, ukianzia katikati kuelekea pembeni. Anayeanzia pembeni hufika katikati bati likiwa limevimba.

SWALI: Hamjambo mafundi. Nimetoboa matundu 14 ya mm 50 kwenye mgongo wa siti, sasa unalegea kama karatasi. Kwenye picha wenzetu wana matundu mengi kuliko mimi na siti zao ni ngumu. Nimekosea wapi?
Msomaji, Chumbageni, Tanga

JIBU: Hatujambo. Matundu ya picha hizo hayakutobolewa tu, midomo yake imebonyezwa kuelekea nyuma. Mdomo ule ni mkunjo, na ndio unaorudisha ugumu ulioondoka na bati. Mwombe fundi wa kukereza akuchongee vipande viwili vya chuma, dume na jike, mteremko wa nyuzi 45, kipenyo cha nje mm 63, na tundu la katikati la kupitisha bolti ya M16. Weka bati katikati, kaza nati. Kabla ya hapo sugua mdomo wa kila tundu kwa tupa laini na msasa mpaka kidole kisihisi meno, la sivyo utapasuka unapotanuka.

Matundu yawe mm 100 kutoka katikati hadi katikati, na uache angalau mm 20 kati ya mdomo uliobonyezwa na mkunjo. Kazi hii hufanywa bati likiwa bado bapa. Kama umeshakunja na dume na jike havifiki, pigia ribiti vipande viwili vya alumini vya umbo la L kwa nyuma, wima, na mgongo utatulia.

SWALI: Siti zangu zina mwaka mmoja. Kuna unga mweupe zinapokutana na fremu ya chuma, na ribiti kadhaa zina duara jeusi kuzunguka kichwa. Gari linalala nje, karibu na bahari.
Msomaji, Raskazone, Tanga

JIBU: Hayo ni maradhi mawili. Duara jeusi maana yake ribiti inacheza: bati na ribiti vinasagana, na unga wake ni mweusi. Kukaza haisaidii. Itoboe, weka ya mm 4.8 kwa tundu la mm 4.9, na kagua mbili za jirani.

Unga mweupe ni alumini inaliwa. Chuma na alumini vikigusana penye maji ya chumvi, alumini ndiyo inayolipa. Fungua siti, safisha kwa brashi ya stenlesi (ya chuma cha kawaida huacha chembe zinazoendeleza uharibifu), suuza kwa maji baridi ya bomba, kausha. Paka praima ya epoksi pande zote mbili, ya kwenye chuma iwe nene zaidi. Kisha tenganisha kwa vipande vya plastiki ngumu, hata ubao wa plastiki wa kukatia mboga unakatika vizuri kwa kazi hii, na funga bolti silanti ikiwa bado mbichi. Ribiti zenye shina la chuma nazo hutoa kutu. Pwani tumia zenye shina la alumini.

SWALI: Mikanda naweza kuifunga kwenye siti yenyewe?
Msomaji, Muheza

JIBU: Hapana. Ifunge kwenye chesisi, kwa bolti za mikanda za inchi 7/16. Kwenye Land Rover hata boksi la siti ni la alumini, kwa hiyo pitisha chuma hadi kwenye chesisi. Siti yenyewe ikae juu ya fremu ya bomba la mraba la mm 25, ifungwe kwa bolti nne za M8 zenye alama ya 8.8, kila moja na bamba la chuma la mm 75 kwa 75, unene mm 3, chini ya sakafu. Na kwa kuwa mgongo wa mm 550 hauzuii kichwa, weka nguzo ya kichwa nyuma yake, nayo ishikwe na fremu ya chuma.