Kisima cha chumvi, minazi iliyolala na Hidaya wa darasa la tatu

Upepo wa wiki iliyopita umetuachia mchanga sebuleni, na mimi umeniachia meseji nyingi. Nimejibu chache, zinazofanana nimezifanya moja.

Shikamoo. Maji ya bahari yameingia kisimani kwetu Msanga Mkuu. Mume wangu amekodi pampu ayatoe yote hadi chini. Yatarudi kuwa matamu? – Mama wa watatu

Marahaba, mwanangu. Mwambie azime pampu kwanza. Kwenye mchanga wa pwani maji matamu ni mepesi, kwa hiyo yanaelea juu ya maji ya chumvi. Ukiyavuta kwa nguvu, yale ya chini yanapanda na kisima kinaharibika zaidi kuliko bahari ilivyokiharibu. Choteni kwa ndoo, acheni kijae chenyewe, kesho mchote tena. Mvua ndiyo itakayokisafisha, na inaweza kuchukua miezi.

Wengi mmeuliza kuhusu dawa ya maji. Klorini inaua vijidudu, chumvi haiigusi. Kuchemsha ndiyo kabisa: maji yanapungua, chumvi inabaki palepale. Jirani yangu aliwahi kupikia chai maji ya namna hiyo, wageni wakaaga mapema. Na kama kuna choo cha shimo karibu kilichofurika, maji ya kisima hicho msiyanywe hata yakiwa matamu. Kingeni ya bati, ila mvua ya mwanzo iacheni ioshe paa.

Binti yangu anaitwa Hidaya. Tangu kile kimbunga cha 2024 wenzake wanamtania kwamba akikasirika barabara inakatika. Nani alikipa jina hilo? – Baba Hidaya, Lindi mjini

Pole, ingawa kunradhi, nimecheka. Vimbunga vya upande wetu wa Bahari ya Hindi hupewa majina kutoka kwenye orodha iliyoandaliwa kabla ya msimu, kwa kufuata alfabeti. Msimu wa 2023/2024 ulianza na Alvaro, ukaenda hadi Gamane, na cha nane kikaangukia herufi H. Kilichofuata kikaitwa Ialy. Hakuna aliyekaa akamfikiria binti yako.

Hidaya kilifika Mafia tarehe 4 Mei 2024 kikiwa kimeanza kupungua nguvu. Mvua zake ndizo zilizotukata na Dar pale Somanga. Kenneth, Aprili 2019, kilituchungulia kikaenda kuipiga Msumbiji kaskazini. Na kile kilichoipiga Lindi yenyewe tarehe 15 Aprili 1952 hakikuwa na jina lolote, maana huku kwetu desturi ya kuvipa majina ilikuwa haijaanza. Mwambie mtoto awajibu wenzake kwamba hidaya ni zawadi, na wasiotaka zawadi shauri yao.

Minazi yangu sita imelala Mchinga. Naambiwa niiache ioze iwe mbolea. – Mkulima

Aliyekuambia hivyo hana minazi. Gogo la mnazi linalooza ni wodi ya wazazi ya mdudu aitwaye chonga. Mabuu yake yanakulia humo ndani, kisha mdudu mzima anaruka na kwenda kutoboa kilele cha minazi iliyosimama. Ukiona kuti jipya linafunguka likiwa limekatwa pembepembe kama kwa mkasi, ujue ameshafika. Akila kile kichomozi cha katikati, mnazi unakufa, na mnazi mpya utausubiri miaka.

Kwa hiyo gogo lisilale shambani. Sehemu ya nje, hasa upande wa shina, ni ngumu na inatoa mbao na nguzo nzuri. Ya katikati ni laini, usiijengee. Vinavyobaki pasua, kausha, fanya kuni. Visiki navyo ving'oe au vichome. Makuti usiyachome, kijiji kizima kinatafuta ya kuezekea. Na kabla ya yote nenda na kisu kwenye kile kilele kilicholala, uutoe moyo wa mnazi, ule mweupe. Umepata hasara, angalau ule vizuri siku moja.

Kamba zangu za mwani Naumbu zimekatika zote. Nipande tena bamvua hii? – Dada wa mwani

Angalia maji kwanza, dada. Yakiwa bado na rangi ya udongo, mvua imeyapunguza chumvi, na mbegu utakazofunga zitalainika na kuwa nyeupe. Yakitakata, omba mbegu kwa mwenzako mwenye kamba za kwenye kina, maana huko mawimbi hayakukoroga sana. Mwani uliouokota ufukweni uanike juu ya chanja, na wingu likitanda ufunike mbio. Ukinyeshewa wakati unakauka, mnunuzi ataukataa.

Watoto wameokota samaki ufukweni Msimbati, wengine wamevimba kama mpira. Tukiwachemsha sana? – Bibi

Hapana, bibi. Huyo aliyevimba ni bunju, na sumu yake haiondoki kwa kuchemsha wala kukaanga. Hao wengine nao hujui wamekufa lini wala kwa nini. Wafukieni, shimo liwe refu, mbwa wasiwafukue.