Harada: makula kukauka si ruhusa ya kuacha predinisoloni

Usiviache vidonge vya predinisoloni, yaani dawa yako ya steroidi. Umeandika kwamba una ugonjwa wa macho wa Vogt-Koyanagi-Harada, kwamba picha ya OCT (skani ya mwanga inayoonyesha matabaka ya nyuma ya jicho) ya wiki ya 6 ya tiba imeonyesha maji yamekauka chini ya makula, yaani kitovu cha retina, na unauliza kama sasa uache predinisoloni, uanze matone ya macho na kupima miwani mipya. Mimi niliacha nikiwa na picha safi kama yako, na jicho langu la kushoto halijarudi lilivyokuwa.

Picha hiyo inakuonyesha retina, tabaka linalopokea mwanga, ilhali makao ya ugonjwa huu ni koroidi, yaani tabaka la mishipa ya damu lililo nyuma ya retina. Kinga ya mwili hushambulia seli zenye rangi, ambazo zimejaa humo. Koroidi ikivimba, maji huvuja na kuibandua retina. Steroidi zikianza kufanya kazi, maji hayo huweza kukauka mapema huku koroidi ikiwa bado imevimba, na skani ya kawaida ya makula haiionyeshi vizuri.

Aliyeniambia niache hakuwa daktari, bali mhudumu wa mashine ya picha. Aligeuza skrini, akanionyesha mstari wa retina uliotulia, akasema, "Umepona, hizo dawa zinakuumiza bure." Uso wangu ulikuwa umevimba, usingizi sikuupata, sukari imepanda, nilikuwa na kiu ya kusikia neno hilo. Nina hasira naye mpaka leo, kwa sababu aliona nusu ya ugonjwa akatoa hukumu nzima. Wiki ya 7 niliacha vidonge vyote ghafla, bila kupunguza dozi polepole, jambo ambalo lenyewe ni hatari, kwani tezi za adrenali, zilizo juu ya figo, huwa zimepunguza kutengeneza homoni ya steroidi ya mwili wenyewe na haziwezi kuamka ghafla.

Wiki 3 baadaye kichwa kilianza kuuma, masikio yakavuma, na kuchana nywele kukawa maumivu. Asubuhi moja fremu ya mlango ilionekana imepinda katikati, na uso wa mtu aliyesimama mbele yangu ulikuwa na doa la kijivu mahali pa pua. Daktari alipiga OCT ya kina, inayolenga koroidi: ilikuwa nene kiasi kwamba ukingo wake wa nyuma haukuonekana, wakati kwa mtu mzima mwenye afya unene wake hukaribia mikroni 300. Angiografia ya kijani ya indosianini, yaani picha ya mishipa ya koroidi inayopigwa baada ya kudungwa rangi, ilionyesha madoa meusi yaliyotapakaa hadi pembeni, mahali ambapo picha ya makula haifiki kabisa. Kisha akafungua picha yangu ya wiki ya 6. Chini ya ule mstari mzuri wa retina palikuwa na ukungu wa kijivu tu, na hakuna aliyeupima.

Tiba hii hupunguzwa polepole, kwa kawaida kwa muda usiopungua miezi 6, na madaktari wengi huongeza dawa ya kutuliza kinga kama metotreksati au mikofenolati ili steroidi ziweze kushuka. Kusoma herufi zote ukutani hakuthibitishi kwamba koroidi imetulia. Mpigie daktari wako leo, umuulize koroidi ina unene gani katika kila jicho, na kama haijapimwa, ipimwe kabla hujapunguza hata nusu kidonge.